Namna ya kusoma vibao vya wanasayansi katika wilaya ya 5 ya Paris

Wageni wanaonifikia Paris huja na ombi moja: mnara wa Eiffel. Nawapeleka, siwanyimi. Kesho yake, miguu ikishapoa, zamu inakuwa yangu, nami nawachukua wilaya ya 5, upande wa kusini wa mto Seine, ambako majina niliyokuwa nikiyaandika ubaoni kwa chaki yamebandikwa kwenye kona za nyumba.

Nilifundisha fizikia Kilwa miaka tisa kabla ya kuolewa huku. Kule sote, walimu kwa wanafunzi, tulikuwa tukimwita Gay-Lussac, Mfaransa mwenye kanuni ya gesi, "Gei-Lusaki": shinikizo la gesi iliyofungiwa hupanda joto likipanda, andika, kariri, mtihani unakuja. Wiki yangu ya pili Paris nilimsimamisha bibi mmoja mwenye kikapu cha sokoni nikamwuliza mtaa wa Gei-Lusaki uko wapi. Akanitazama kama ninayemsemesha Kimakonde. Nikamwandikia jina kwenye karatasi. "Ah, Ge-Lisak!" Akanyoosha kidole juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimesimama chini ya kibao chenyewe.

Basi anza na hilo: tazama juu. Vibao vya hapa havikai usawa wa macho, viko ukutani juu ya mlango wa duka, na mtu anayetembea akiangalia simu anaweza kuwapita wanasayansi kumi bila kumwamkia hata mmoja.

Kabla ya kutoka

Matembezi haya hayafiki kilomita sita, lakini yana kupanda na kushuka, maana wilaya ya 5 imekalia kilima. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Beba chupa ya maji, daftari dogo na kalamu. Simu yako iwe na chaji, si kwa ajili ya ramani tu, bali kwa sababu mabamba mengi yako juu ukutani na maandishi yake utayasoma kwa kuyavuta karibu na kamera. Panga mchana wa siku ambayo jumba la makumbusho la akina Curie (Pierre na Marie, mume na mke wanasayansi) liko wazi. Halifunguliwi kila siku, wala asubuhi, kwa hiyo hakikisha kabla hujakata tiketi ya treni. Kuingia ni bure.

Na kama una mtoto wa shule, njoo naye. Mimi huja na mtoto wa kaka yangu, yuko mwaka wake wa kwanza wa chuo, na maswali yake ndiyo yaliyonifundisha nusu ya haya ninayoyaandika.

Kibao cha bluu kinasomwaje

Kibao cha mtaa cha Paris ni bati la enameli: bluu, herufi nyeupe, ukingo wa kijani. Juu yake kuna kipande cha nusu duara chenye namba ya wilaya. Wilaya ni 20, na tangu 1860 zimepangwa kwa kujizungusha kama gamba la konokono kuanzia katikati ya mji, kwa hiyo ukiiona namba 5 ujue hujaenda mbali. Chini ya jina, mara nyingi, kuna maandishi madogo: mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, kazi ya mtu. Watu huyaruka hayo madogo, na ndiyo yenye habari. "Naturaliste" ni mtaalamu wa viumbe. "Chimiste" ni mkemia. "Physicien" ni mwanafizikia, si daktari. Sisi tuliosoma sayansi kwa Kiingereza tunateleza hapo kila siku, maana "physician" ya Kiingereza ni daktari, na daktari kwa Kifaransa ni "médecin".

Kisha namba za nyumba. Kanuni ni ya 1805 na bado inatumika. Mtaa unaotoka mtoni huanza kuhesabiwa mtoni: upe mto mgongo, namba shufwa ziko kulia kwako, witiri kushoto. Mtaa unaokwenda sambamba na mto hufuata maji yanakoelekea. Sikulijua hili mara ya kwanza. Tulikuwa tunatafuta namba 16 ya mtaa wa Cuvier, mimi na kijana wangu, tukapanda na kushuka kandokando ya uzio wa bustani dakika ishirini nzima, mvua inanyunyiza, tunaona 47, 57, lakini 16 hatuioni. Tulikuwa upande wa witiri. Kumi na sita ilikuwa ng'ambo ya barabara ikitutazama.

Mabamba ya ukutani

Kibao cha bluu kinakwambia mji umeamua kumkumbuka nani. Hakisemi kama mtu huyo alipata hata kupita pale. Ukitaka kujua kilichotokea mahali hapo hasa, tafuta bamba: jiwe au marumaru lililochongwa maandishi na kubandikwa ukutani. Huhitaji Kifaransa kingi. Shika vitenzi vitano tu. "Né" amezaliwa, "vécut" aliishi, "travailla" alifanya kazi, "découvert" amegundua, "mort" amekufa. Kitenzi kikishakwambia nini kilitokea, jina na mwaka utavisoma mwenyewe.

Kitenzi cha sita ni "tombé", ameanguka, na hiki nilikijua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza niliona bamba lenye kishada cha maua, jina la kijana, mwezi Agosti 1944. Nikapiga picha, nikawatumia wanafunzi wangu wa zamani: huyu hapa mwanasayansi mwingine wa Ufaransa. Mmoja wao, aliyekuwa anajifunza Kifaransa Dar es Salaam, akanijibu kwa adabu zake zote: "Mwalimu, huyu alipigwa risasi." Ni kweli. Ni mabamba ya waliouawa siku za kuikomboa Paris mikononi mwa Wajerumani, na wilaya ya 5 inayo mengi. Ukikuta pete ndogo ya chuma ya kuwekea maua, simama kimya kidogo, kisha endelea. Si sayansi, lakini si wa kupitwa kama nguzo ya taa.

Na yapo majina ya mitaa yatakayokudanganya. Lhomond hakuwa mkemia. Alikuwa padri aliyefundisha Kilatini. Ulm si mtu kabisa, ni mji wa Ujerumani ambako Napoleon alishinda vita 1805, na mtaa huo wenye jina la vita ndio wenye maabara ambayo pengine imeokoa watu wengi kuliko mahali pengine popote mjini humu. Tutafika.

Anzia Jussieu

Shuka kituo cha metro cha Jussieu, njia namba 7 au 10. Jussieu ni ukoo wa wataalamu wa mimea. Ingia mtaa wa Linné, yule Mswidi aliyewapa viumbe majina mawili mawili ya Kilatini, ukiuacha mto nyuma yako. Dakika tano hazitimii utafika kwenye njia panda yenye chemchemi kubwa ya mawe. Simama hapa. Usiwe na haraka.

Chemchemi ni ya kumheshimu Georges Cuvier. Bibi wa mawe amekalia simba, na chini yake wanyama wamejazana. Mmoja ni mamba aliyegeuza shingo kutazama nyuma. Mtu yeyote aliyekulia upande wa Rufiji atacheka, maana mamba hana shingo ya kugeuza namna ile. Cuvier ndiye mtaalamu wa maumbile aliyejisifu kwamba mpe mfupa mmoja atakutajia mnyama mzima, nao wakamchongea mamba asiyewezekana. Watu wa Paris wenyewe wanalijua kosa hili na hulionyesha kwa fahari.

Sasa soma vibao vinavyozunguka hapo. Mtaa wa Cuvier na mtaa wa Geoffroy-Saint-Hilaire vinakutania hapahapa. Mabwana hawa walianza marafiki wakaishia mahasimu: mwaka 1830 walibishana hadharani mbele ya Chuo cha Sayansi, mmoja akisema wanyama wamegawanyika katika maumbo manne yasiyohusiana, mwingine akisema umbo ni moja tu linalogeuzwageuzwa. Mji umewafunga kwenye kona moja, watazamane milele. Ukiingia mitaa ya mji huu soma nani amewekwa jirani na nani. Aliyegawa majina hakuwa mtu wa kukosa utani. Buffon naye, aliyezaliwa mwaka mmoja na Linné, 1707, na aliyeupinga mpango wake wa majina maisha yake yote, amepewa mtaa upande wa pili kabisa wa Jardin des Plantes, bustani ya mimea iliyopakana na mtaa wa Cuvier.

Geoffroy nampenda kwa sababu ya twiga. Mwaka 1826 Muhammad Ali wa Misri alimpelekea mfalme wa Ufaransa twiga jike aliyekamatwa Sudan. Akashushwa Marseille, akapitisha kipupwe huko, na wakubwa wakawa wanajiuliza atafikaje Paris. Geoffroy, mtu wa miaka 55, mwenye maumivu ya viungo, akaamua: kwa miguu. Walitoka tarehe 20 Mei 1827, twiga akashonewa koti la mvua, ng'ombe wakaenda naye kwa ajili ya maziwa yake, na baada ya siku 41 na kilomita 880 hivi wakaingia Paris. Aliishi katika bustani hii iliyo mbele yako hadi 1845. Kibao cha mtaa hakina nafasi ya koti la mvua, kwa hiyo msimulie mtoto wewe.

Cuvier nina neno naye, na silisemi kwa kucheka. Mwaka 1815 mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, Sarah Baartman, aliyekuwa akionyeshwa kwa tiketi London kisha Paris, aliletwa kwenye bustani hii wataalamu wamtazame na kumchora. Mwisho wa mwaka huohuo alifariki. Cuvier akampasua, akahifadhi viungo vyake, na mifupa yake ikawekwa kwenye maonyesho mjini Paris mpaka miaka ya 1970. Alirudishwa kwao na kuzikwa 2002. Nikisimama chini ya kibao cha Cuvier namtaja Sarah Baartman kwa jina, kwa sauti, kila safari. Mwenzangu mmoja wa Kifaransa aliniambia naharibu matembezi. Nikamwambia matembezi ni yangu.

Namba 16, na droo ng'ambo ya barabara

Teremka mtaa wa Cuvier kuelekea mtoni, safari hii ukishika upande wa shufwa. Namba 16 ndiko alikozaliwa Pierre Curie tarehe 15 Mei 1859. Ukishaiona, geuka, uvuke, uingie bustanini, utafute nyumba aliyoishi Cuvier. Ukutani kuna bamba linalosema kwamba katika maabara ya fizikia ya Makumbusho haya (ya historia ya viumbe, yaliyo humu bustanini) Henri Becquerel aligundua unururifu, yaani kitu kutoa mionzi chenyewe, tarehe 1 Machi 1896.

Pima umbali kwa macho. Kitu ambacho Becquerel alikigundua, na ambacho Pierre Curie angekifanyia kazi mpaka Nobel, kiligunduliwa ng'ambo ya barabara kutoka kitanda alichozaliwa. Hili huwezi kuliona kitabuni. Unaliona kwa kugeuza shingo.

Nilikuwa nikiifundisha siku ile ya Becquerel kwa dakika tano. Sasa naipa nusu saa, nimeketi kwenye benchi la bustani. Alidhani chumvi ya urani inahitaji jua ndipo itoe mionzi. Akatayarisha bamba la picha, akalifunga kwa karatasi nyeusi, juu akaweka chumvi yake, akangoja jua. Mwishoni mwa Februari Paris haina jua, mimi shahidi. Akatia vitu vyote kwenye droo. Siku zikapita, akachoka kungoja, akaisafisha ile picha hivyohivyo akitegemea kivuli hafifu. Akakuta alama nzito nyeusi. Urani haikuwa imengoja jua wala ruhusa yake. Baba yake na babu yake walikuwa wanafizikia wa Makumbusho hayahaya, na mwanawe akafuata. Kwetu tungesema ni kazi ya ukoo, kama kushona jahazi.

Toka bustanini kwa lango la mtaa wa Geoffroy-Saint-Hilaire. Mbele yako ni Msikiti Mkuu wa Paris uliofunguliwa 1926, na namba 39 ni mkahawa wake, chai ya nanaa kwenye bilauri ndogo, shomoro wanaokuja hadi mezani kuokota makombo. Pumzika hapa. Kama ni saa ya swala, sali. Nilipokuwa mgeni katika mji huu hapa ndipo mahali pa kwanza niliposikia mtu akisema "salaam alaykum" bila kunishangaa.

Mlimani

Kutoka msikitini pita Daubenton, ufike mtaa wa Monge, mwanahisabati. Utafute ngazi za mawe zinazopanda kwenda mtaa wa Rollin, mtaa mfupi na mkimya. Nyumba namba 14 ina bamba la Descartes, aliyepata kukaa hapo miaka ya 1640 alipokuja kutoka Uholanzi alikohamia. Limechongwa maneno yake mwenyewe kutoka barua aliyomwandikia binti mfalme Elisabeth. Kwa Kiswahili changu: kwa kuwa hivi nilivyo, mguu mmoja nchi hii na mwingine nchi nyingine, naiona hali yangu kuwa ya raha sana, kwa vile ni huru. Mara ya kwanza niliyasoma nikiwa na begi la mahindi ya kuchoma na kadi ya ukaazi inayokaribia kwisha muda. Nikamwambia Descartes, bwana mkubwa, raha hiyo tutaijadili siku nyingine. Lakini nayarudia kusoma. Liandike kwenye daftari, ni bamba pekee la njia hii ambalo mtu anazungumza mwenyewe badala ya kuzungumziwa.

Uwanja wa Contrescarpe pita tu, bei za kahawa si za mwalimu. Shika Lhomond uteremke mpaka mtaa wa Vauquelin, namba 10. Hapa ni shule ya fizikia na kemia, na bamba lake linasema 1898, katika maabara ya shule hii, Pierre na Marie Curie wakisaidiwa na Gustave Bémont waligundua rediamu. Soma tena: wakisaidiwa na Gustave Bémont. Nilifundisha rediamu miaka tisa, sikuwahi kulisikia jina hilo. Kibanda chenyewe hakipo tena. Kilikuwa banda la mbao lenye paa la vioo, joto kali kiangazi, baridi kali kipupwe, na humo Marie alikoroga kwa mikono yake madini yaliyoletwa kwa tani, chungu baada ya chungu, hadi kufikia 1902 akapata sehemu moja ya kumi ya gramu. Ukitaka mtoto aelewe, chukua chumvi kidogo kwenye ncha ya kisu, umwonyeshe, kisha mwambie afikirie lori.

Rudi juu hadi Ulm namba 45. Bamba la Pasteur lililo hapa ndilo ninalotumia kufundishia kusoma mabamba, kwa sababu halina sifa hata moja. Linasema hapa palikuwa na maabara ya Pasteur, kisha ni miaka na kazi, mstari kwa mstari. 1857, uchachukaji. 1860, viumbe kujizaa vyenyewe, yaani hoja aliyoivunja. 1865, magonjwa ya mvinyo na bia. 1868, magonjwa ya viwavi wa hariri. 1881, virusi na chanjo. 1885, kinga ya kichaa cha mbwa. Kwa mistari sita tu unamwona mtu anatoka kwenye pipa la bia anaingia kwenye damu ya mtoto. Mtoto huyo alikuwa Joseph Meister, miaka tisa, ameng'atwa na mbwa Alsace. Sindano ya kwanza alichomwa tarehe 6 Julai 1885, akachomwa kumi na tatu kwa jumla, akapona. Kijijini kwetu mtoto aking'atwa na mbwa, kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji mengi, kisha baiskeli, kisha pikipiki, kisha gari, kufuata chanjo. Safari ile yote inatoka kwenye ukuta huu.

Mtaa wa Pierre et Marie Curie uko hatua chache. Hapa angalia jina lenyewe. Mtaa ulianza ukiitwa Pierre Curie peke yake. Yeye alifariki 1906, amegongwa na mkokoteni wa farasi karibu na mto. Marie akaendelea, akachukua Nobel ya pili 1911, akaongoza maabara iliyojengwa kwenye mtaa huuhuu, akafa 1934, na jina lake likaongezwa kwenye kibao 1967, miaka 100 tangu azaliwe. Ukiwa na binti, mwachie yeye apige hesabu: miaka mingapi mtaa ulikuwa na jina la mume huku kazi inafanywa na mke?

Jumba la makumbusho ni namba 1, ndani ya maabara yake ya zamani. Ofisi yake ipo, meza ipo, ilisafishwa mionzi 1981. Madaftari yake yaliyoko maktaba ya taifa bado yana mionzi, na yatakuwa nayo muda mrefu, kwa kuwa rediamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Hilo nalo nilikuwa nikilichora kwa mstari wa kushuka ubaoni. Hapa nililielewa kwa mgongo, nikiwa nimesimama mlangoni pa chumba chake.

Sasa tazama chini

Kata Saint-Jacques, shika Gay-Lussac (usisahau matamshi) mpaka bustani ya Luxembourg. Ni wilaya ya 6 tayari, lakini hatuwezi kuishia nje ya lango. Siku nzima nimekwambia tazama juu. Humu inamisha kichwa.

Unatafuta kisahani cha shaba kilichozamishwa ardhini, upana wake sentimita 12, kimeandikwa ARAGO, na herufi mbili, N na S. Viliwekwa 135 mwaka 1994, kazi ya msanii Mholanzi Jan Dibbets, kwa mstari mmoja unaoukata mji kutoka kaskazini hadi kusini. Ndio mstari wa meridiani ya Paris, ambao Wafaransa waliutumia kuhesabia longitudo na saa zao hata baada ya mataifa mengi kukubaliana juu ya Greenwich 1884. Wao walikaidi hadi 1911. François Arago alikuwa mwanaastronomia, mkuu wa jengo la kutazamia nyota lililo kusini mwa hapa, na ujana wake aliutumia kuupima mstari huo. Alikuwa na sanamu. Mwaka 1942, wakati wa ukaliaji wa Wajerumani, iling'olewa ikayeyushwa. Badala ya kumchongea sura nyingine Dibbets alimtandaza ardhini, watu wamkanyage.

Namna ya kuvipata: ukikiona kimoja, simama juu yake, N iwe mbele ya vidole vyako, na utembee moja kwa moja. Havikupangwa kwa umbali sawa, na vingine vimeng'olewa na kuacha shimo la duara, kwa hiyo shimo nalo ulihesabu. Majani yakidondoka vuli, ufagie kwa kiatu.

Mimi mtu wa Kilwa sikanyagi ARAGO kama mtalii. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu elfu moja kila mwaka, wapelekwe kwenye visiwa vya mashamba, Mauritius na Réunion. Miaka 72 baadaye, Aprili 1848, Arago alikuwa waziri wa bahari na makoloni katika serikali ya muda iliyotoa amri ya kufuta utumwa, na Desemba mwaka huo zaidi ya watu 60,000 wa Réunion wakawa huru. Kisahani hakisemi hivyo. Kinasema N na S.

Mara ya mwisho kijana wangu aliweka mguu wake kando ya kisahani, akapiga picha, akamtumia baba yake Kivinje. Jibu likarudi kwa sauti, na kelele za soko la samaki nyuma: "Sasa huyo Arago ndiye nani, mbona hana hata uso?" Kijana akanitazama. "Shangazi, nimjibuje?" Nikamwambia simu ni yake na baba ni wake, nikavuta kiti kimoja cha chuma cha kijani nikakaa, nikamsikiliza akianza na yule sultani.